Siku Tisini za Dhamana

Bi Isla Petrie, wa duka la Mtaa wa Albert,
hakunificha kitu. Kaunta aliifanya meza ya upasuaji:
"Feni ya kushoto nimebadilisha. Ya kulia ni yake ya kuzaliwa.
Pesti ya joto, mpya. Skrubu moja sikuipata,
nimetia ya saa ya ukutani."
Pauni mia na themanini na tano. Dhamana siku tisini.
Nikauliza, kadi hii ilikuwa ya nani?
Akainua mabega. "Ya mtu mwenye haraka kuliko wewe."

Kizuri chajiuza, tuliambiwa,
ila hiki hakikujiuza wala hakikujitembeza,
kililala tu katika mfuko unaong'aa kama gamba la dagaa,
nami nikakitazama nitazamavyo ukuta kabla ya msasa:
pa kuogopa si penye ufa,
pa kuogopa ni palipopakwa juzi.

Tukaupanda mlima wa Hilltown, mvua ikitupiga ubavuni,
Salha amelikumbatia boksi ndani ya koti la shule
kama mtoto wa mtu.

Mimi ni mpaka rangi. Miaka kumi na tisa hapa Dundee:
ngazi za majengo ya mawe, korido za hospitali,
chumba cha mjane mmoja kule Lochee
aliyetaka ukuta mwekundu kama nyanya.
Nilimwambia, mama, dari yako itaona haya.
Hakunielewa mpaka saa nne asubuhi,
jua lilipougonga ule wekundu
na dari nyeupe ikaiva mashavu.
Rangi haikai ilipopakwa.
Hudandia mwanga kama abiria asiye na nauli.

Basi Salha aliposema, "Baba, njoo uamue,
hapa miale imezimwa, hapa imewashwa,"
nilivua viatu nikakaa kama hakimu wa mahakama ya mwanzo.

Imezimwa: sebule ya kasri, zulia jekundu, dari nyeupe pee.
Uongo. Dari hiyo haijawahi kuambiwa kuna zulia.
Imewashwa: nikasogeza kiti.
Dari ikaona haya.
"Umeona?"
Nimeona. Nikanyamaza kidogo,
maana aliyeiandika kanuni ile, popote alipo,
amewahi kulala chali chumbani mwa mtu akitazama juu.

Lakini msinihonge kwa dimbwi.
Nje ya kasri mvua imekatika
na kila jiwe la barabara ni kioo cha kinyozi,
taa zinajitazama humo bila soni.
"Hii mvua ya wapi?" nikamuuliza.
"Mvua yetu ina oili ya basi, ina mavi ya shakwe,
ina karatasi ya chipsi iliyolowa siki.
Maji hayarudishi taa yote. Nyingine hubaki nayo."
Salha akasema fremu zimeporomoka,
kutoka tisini hadi thelathini na moja,
askari wake anatembea kama aliyevaa viatu vya kuazima.
Tukapunguza vivuli. Tukapunguza madimbwi.
Dari tukaiacha.

Saa sita usiku feni ya kulia, ya yule mwenye haraka,
ikakohoa mara mbili, ikatulia.
Tukatazamana. Siku ya kwanza kati ya tisini.
Salha akaliwekea boksi kiganja kama apimaye homa.
"Inapumua," akasema.

Akafungua mlango wa tanuru, humo mchezoni. Moto.
Nikageuka nimwambie neno juu ya kivuli cha nguzo,
nikaukuta ukuta wetu,
ule ninaouahirisha tangu Krismasi ya mwaka juzi
(nyumba ya mpaka rangi, unajua tena),
umeiva wote, na shavu la mwanangu, na kikombe,
na soksi zilizoanikwa juu ya hita,
bila kadi, bila pauni,
na ule ufa kando ya dirisha
ambao mchana huniapia kwamba haupo.