Kopo la Ugoro

Lilianguka Chipanga, mwaka ambao uwele
ulikauka ungali mimba.
Mchana kweupe, ng'ombe wako malishoni.
Ngurumo moja, bila wingu.
Watu wakatoka na ndoo.

Bibi yangu Foibe huanzia hapo siku zote: kwenye ndoo.
Hawakutazama juu kwa hofu, anasema, walitazama kwa kiu.
Kilichoshuka ni kipande cheusi, ngumi ya mtoto,
kikatoboa paa la udongo la tembe la shemeji yake
kikatulia jivuni, cha baridi.

Ukilikwaruza kwa ukucha lilibaki na alama,
kama mkaa, kama tope lililosahau maji.
Akalitia katika kopo la ugoro la marehemu mumewe,
akalining'iniza juu ya meko.
Miaka arobaini na sita ya moshi.

Mimi ndiye niliyelipima.
Dodoma mjini, maabara, saa nne asubuhi,
pumzi nimeibana, maana pumzi nayo ni mvua.
Gramu mia moja na kumi na mbili.
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena.

Vimondo vingi vimewahi kuyeyuka,
chuma na mwamba vikaachana kama tui na chicha.
Hiki hakijawahi.
Kilijikusanya vumbi kwa vumbi
dunia ikiwa bado haijapata umbo;
ukitoa hewa zile nyepesi, kimebeba
yaliyomo kwenye jua, kwa vipimo vile vile,
mfano wa unga uliochotwa kabla haujasongwa.
Na katika vumbi hilo, chembe chache
kongwe kuliko jua lenyewe,
majivu ya nyota zilizozimika bila matanga.
Vya aina yake, ulimwengu mzima,
vidole vya mikono vinatosha kuvihesabu.

Nilipomweleza bibi alikuwa anachambua mlenda.
"Umesema lina nini?"
Maji, bibi. Yamefungwa ndani ya udongo wake.
Karibu sehemu moja kwa tano.
Mikono ikasimama.
"Miaka yote hiyo. Juu ya meko yangu."
Halafu:
"Basi yakamueni."

Hayakamuliki. Tulichoma punje ndogo kuliko uwele,
nyuzi mia sita; kwenye skrini mstari ukapanda,
ukashuka.
Hiyo ndiyo ilikuwa mvua.
Isingelowesha ulimi wa sisimizi.

Lililobaki nilikaa nalo wiki mbili.
Kwamba yangepita manyunyu siku ile,
yale waliyoyatolea ndoo,
yakaingia kwa tundu lile la paa,
jiwe lingevimba, lingemumunyuka, lingefagiwa.
Wenzake walioangukia nchi za mvua
wamekuwa matope, hakuna anayejua walipita.
Ukame ndio uliolitunza. Njaa ile ile
iliyomchukua Ndahani, mwanawe wa pili,
ikatuachia sisi asubuhi ya kwanza ya jua, kavu,
ndani ya kopo.

Nilimwambia, kwa sababu ni lake kulijua.
Hakulia. Aliuliza kama jiwe limeandikwa jina.
Nikasema huitwa kwa mahali lilipoangukia.
"Chipanga," akasema.
"Sawa. Wengine wote waliiandika kwenye orodha za mahindi ya msaada."

Akanyoosha mkono.
"Na kopo langu?"

Nilikuwa nalo mfukoni. Sikuwa nimelisafisha.
Akalifungua, akalinusa,
akalifunga upesi,
kama mtu anayezuia unyevu usiingie.