Mashua ya Chaki

Zabuni tatu zimelala mezani tangu Jumatatu,
kila moja imejipamba kwa picha,
kila moja yataka kuposwa.
Mwenye kalamu na bajeti ni mimi.
Huko nje Ziwa Winnipeg limeganda hadi Mei,
wala halina haraka ya kujua nitachagua nini.

Nilitaka maabara: sinki, hadubini, meza ndefu
ya kupimia samaki vidole visitetemeke.
Lárus, mchoraji wa kiwanda, alinichorea yote,
na chini ya mchoro akaandika uzito, urefu, bei.
Bei niliisoma mara mbili,
ya pili kwa kunong'ona.

Ndipo Verna Sinclair,
aliyevuta nyavu zetu miaka kumi na tisa,
akaomba chaki.
Akapiga magoti kwenye saruji ya karakana
akaichora mashua kwa ukubwa wake halisi:
omo huku, tezi kule, injini mbili,
na maabara yangu katikati
kama ng'ombe sebuleni.
"Pandeni," akasema.

Tukapanda, watu wanne ndani ya mstari mweupe.
Verna akavuta wavu usiokuwapo,
mkono baada ya mkono, kwa mgongo wake mbovu.
Nikampokea samaki wa hewa,
nikageuka kumpima,
nikamkanyaga Lárus, nikapepesuka,
kisigino changu kikavuka chaki.
"Umeshatumbukia," akasema Verna,
"na maji ni nyuzi nne."

Hakuna aliyecheka.
Ziwa hili ni pana lakini halina kina;
upepo wa kaskazini ukilichapa
mawimbi huja mafupi, wima, yamebanana,
hayakupi nafasi ya kumeza mate.
Oktoba ile, ndani ya mashua ya zamani,
madaftari ya msimu mzima yalielea miguuni petu
na Verna alikuwa akihesabu vichwa kwa sauti,
akifika wanne, akianza tena moja.

Nikachukua kitambaa chenye maji.
Nikaifuta sinki. Nikafuta nusu ya meza.
Hadubini itabaki nchi kavu, haijui kuogelea.
Verna akaushusha ukingo wa kulia shubiri moja,
hapo pa wavu tu,
mzigo uingie bila kuinuliwa hadi kifuani.
Darwyn, kijana asiyesema,
akachora kulabu ndogo kando ya hita.
"Ya nini?"
"Ya glavu. Zikauke."

Nilitia saini saa kumi jioni
kwenye zabuni isiyo na picha nzuri.

Mashua italetwa Agosti.
Verna anastaafu Juni.
Nilikumbuka hilo tukiwa tayari kwenye maegesho,
yeye akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake,
nikamuuliza, basi ile shubiri moja
uliishusha kwa ajili ya nani?

Hakujibu.
Aliutazama mgongo wangu,
akaendelea kukwangua.