Gari Lisilo na Jimbo

Dragan alitoka chini ya gari akijifuta mikono
kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono.
"Kioo kina ufa. Breki za nyuma zimelika.
Na huu mkanda wa nyuma, nani kautafuna?"
Mbwa, nikasema. Alikufa mwaka wa mafuriko.
"Basi alikuwa na meno," akasema,
na cheti cha usalama barabarani
kikabaki kitupu mkononi mwake.

Kurekebisha: dola elfu moja na mia mbili.
Gari lenyewe nalitangaza elfu mbili na mia nane.
Hesabu hiyo hata macho yangu yanaiona,
haya haya ambayo mwezi wa Machi daktari aliyamulika,
akakohoa, akawaandikia watu wa leseni barua
kwa mwandiko mdogo nisiweze kuusoma.

Mnunuzi alikuja Ijumaa jioni kwa basi
kutoka Broken Hill, kilomita mia tatu kasoro:
Luzviminda Catacutan, muuguzi wa zamu ya usiku,
pesa kwenye soksi, soksi kwenye kopo la biskuti.
Huku Mildura ni Victoria. Kwake ni New South Wales.
Katikati kuna mto, na juu yake daraja
unalolivuka kabla mtangazaji wa redio hajamaliza kusoma hali ya hewa.
Lakini karatasi hazijui kuvuka.
Kule wana wakaguzi wao, fomu yao, foleni yao.
"Kwa hiyo," nikamwambia, "nakuuzia bila usajili.
Nang'oa vibao vya namba, navirudisha ofisini,
wewe unaomba kibali cha safari moja,
moja kwa moja hadi kwako, hata dukani usipitie."
Ofisi ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu.

Mgeni siku mbili.
Jumamosi alipika kuku wa siki wa kwao.
Jumapili alikaa garini saa nzima, amefumba macho,
kama mtu anayejaribu kitanda dukani.
Nikaungama yote: mlango wa nyuma hutaka teke,
gia ya pili hutaka kubembelezwa,
na joto likipita arobaini
sindano ya joto husema uongo.
Akapitisha kidole kwenye ufa. "Na hii?"
Jiwe la lori, siku ya mazishi ya dada yangu huko Ouyen.
Sikusimama. Nilikuwa nimechelewa.
Sijui kwa nini nilimwambia; kwenye fomu hakuna mahali pake.

Naye, akichambua maharage:
"Miaka kumi na mmoja niliwazalisha wanawake Iloilo.
Nilipofika hapa wakataka nithibitishe
kwamba najua kunawa mikono.
Miezi kumi na minne, Gwenda,
nilisimama uani bila vibao."
Tulicheka hadi bakuli likapinduka.

Siku ya tatu nikampa bisibisi.
Skrubu ya kwanza ilitoka kama jino la utoto.
Ya nne iligoma kwa kutu;
akapiga magoti, akaisemesha kwa lugha yake
hadi ikaachia.
Chini ya kibao rangi ilikuwa bado bluu,
bluu kweli, si hii ninayoijua.

Tukatembea hadi ofisini, vibao ndani ya mfuko wa mboga.
Karani akavitupa juu ya vibao vya wengine,
vikalia kama sahani.
Akanihesabia miezi iliyobaki:
dola sitini na moja na senti arobaini, zitaingia benki.
"Saini hapa, kwamba si lako tena."
Nikainama hadi pua ikagusa mstari.

Alibandika kibali kwenye kioo.
Nikapanda naye hadi kona tu, upande wa abiria,
mahali ambapo miaka ishirini na miwili sikuwahi kukaa.
Kutoka hapo ufa hauonekani.
Au ni macho.

Nilirudi kwa miguu.
Skrubu nne ziko mfukoni mwa aproni.
Hakuna aliyeziuliza.