Springi za Kilo Themanini

Suzuki ya njano, ya mwaka wa sabini na nane, ya mashindano,
iliachwa Wete na mhandisi wa barabara
aliyeondoka na begi moja na deni la duka la Khelef.
Ikawa ya baba kwa saa ya mkono
na magunia mawili ya karafuu
ambayo nyumbani kwetu mpaka leo hayatajwi.

Miguu yake ya mbele ilikuwa myembamba kama ya korongo.
Shokapu za nyuma zililia kila tuta
kama mlango wa msalani.
Baba akaenda nayo Mtambwe, Kangagani, Ngezi kwenye tope jekundu,
na usiku mama akamkanda kiuno, naye akisema:
Pikipiki haina kosa. Kosa la mashimo.

Mimi nilirithi spana.
Nikaenda chuo cha amali, Vitongoji,
msichana peke yangu kwenye mashine ya kukereza,
nikajua kwamba chuma hujibu
ukikiuliza kidogo kidogo.

Mwaka huu, kwenye vyuma chakavu vya Malindi,
nikaiona miguu ya pikipiki ya juzi:
minene, imepinduliwa juu chini,
rangi ya dhahabu kama jino la bibi harusi wa zamani.
Nikavuka nayo kwa meli ya usiku, nimeilalia kama mto.

"Ukimtia babu meno ya mtoto," baba akasema,
"atatafuna nini?"
"Mashimo," nikamjibu.

Mhimili wa usukani ulizidi milimita nne.
Punje ya mtama! Na ikanila siku tatu.
Umeme ulikatika mara mbili;
mara ya pili nikamalizia kwa tupa,
nikihesabu mikwaruzo kama tasbihi.
Za nyuma nikaagiza Dar es Salaam,
zenye kikopo cha gesi ubavuni.
Wakauliza: springi za mtu wa kilo ngapi?
Themanini, nikasema, bila ya kufikiri.
Baba ni kilo themanini. Nani asiyejua?
Ndiye aliyenibeba bega hili, gunia la mbata bega lile.

"Panda, nipime inavyokaa."
Akavua makubadhi, akashika kiuno, akapanda.
Nikainama na futi yangu, nikingoja chuma kishuke.
Hakikushuka.
"Kaa vizuri, baba."
"Si nimekaa."
Nikalaumu beringi, nikalaumu gesi,
nikawalaumu watu wa Dar na mama zao.
Springi haikuwa na ila.
Ilikuwa ikimngoja mtu
ambaye hakuja.

Alasiri nikamvuta dukani kwa Bi Raya, kwenye mizani ya unga,
kwa mzaha, tuone nani mzito.
Hamsini na sita na nusu,
pamoja na kanzu.
Bi Raya akafungua mdomo, kisha akageuka
akaenda kufunika sukari iliyokuwa imefunikwa.

Nikaagiza nyingine, laini.
Nikamwambia zile za mwanzo zilikuwa mbovu.
Akaniangalia kidogo, akasema, "Watu wa Dar."

Juzi nilimaliza. Skrubu ya kurudi
niliifunga yote, nikaifungua mibofyo kumi na miwili.
Jana alfajiri nikakuta tisa.
Tope bichi kwenye tairi,
bisibisi imepanguswa, imelazwa kichwa chini
kama alivyokuwa akiilaza nilipokuwa mdogo.

Akala muhogo wake, hanitazami.
"Ilikuwa ikirudi kwa pupa," akasema.
Halafu, chai ilipokwisha:
"Kiuno kimelala."

Shokapu kongwe mama kazifunga
kwenye mlango wa banda la mbuzi.
Zinalia vilevile.
Zile springi za kilo themanini ninazo mimi,
chini ya kitanda, ndani ya karatasi yake.
Kijana mmoja wa Konde ameziulizia mara mbili, na pesa mkononi.
Nimemwambia ni mbovu.