Mizani ya Majani

Alijipimia kwenye mizani ya chai,
ile ya ndoana, banda namba nne,
akining'inia kama gunia, magoti kifuani,
karani akisoma: hamsini na moja, Kihwele, shuka.
Jumatatu hadi Jumamosi alipima majani ya wenzake.
Jumapili, mwili wake.

Hakulipwa. Waliandika mridhaa
mbele ya jina lake, naye akalipenda neno hilo,
akilitamka polepole, kama anataja mchumba.
Uwanja ulikuwa njia ya ndege nje ya Mafinga,
nyasi zimefyekwa alfajiri, umande bado,
mikaratusi upande huu,
upande ule wauza ulanzi na mbwa wao.

Mbio kumi na tisa. Alishinda mbili.
Ya kwanza, farasi wa mbele alipotelea kwenye ukungu
akaishia mahindini kwa watu.
"Hiyo usiihesabu," huniambia.
Ya pili ihesabu.
Jike la kijivu, jina lake Sitaki,
na kweli hakutaka,
hadi mita mia mbili za mwisho
Kihwele alipolegeza hatamu, kwa kuchoka tu, si kwa akili,
na Sitaki akataka.

Zawadi: debe la mafuta ya taa, na blanketi.
Blanketi lipo. Hufunikwa farasi anayekohoa.

Kilichomshusha si anguko, ingawa alianguka,
bega la kushoto hadi leo limeinama
kama rafu iliyong'oka msumari mmoja.
Ilikuwa Juni, baridi ya kukata masikio.
Karani akasoma: sitini na nne.
Akapangusa mizani kwa kiganja, akasoma tena.
Kihwele akashuka mwenyewe, hakuambiwa.

Sasa anafundisha. Farasi sita, watano si wake.
Hunifunga macho kwa leso ya mkewe,
nizunguke uwanja nimwambie
ni ukwato upi unaogusa kwanza.
Nikikosea, narudia. Nikipatia, narudia.
"Usimkabe! Mdomo wa farasi si mpini wa jembe!"
Anazo sentensi chache. Hii ameitumia zaidi.

Siku ya mbio hatazami.
Huenda nyuma ya banda, akatupa mgongo,
akihesabu kishindo kwa vidole.
Nikirudi, wa kwanza au wa mwisho, haniulizi.
Huweka sikio ubavuni mwa farasi,
bega bovu likilowa jasho lisilo lake,
akanyamaza, watu wakisubiri kutupongeza au kutucheka.

"Mtembeze kwanza," husema.
"Chai baadaye."