Mezani kwa Eulalia

Simbilisi kaletwa mzima, kabanikwa,
meno nje, vidole vimejikunja
juu ya viazi vya manjano.

Annegret kashika uma. Hali, wala hasogezi sahani.
"Kwetu Hamburg nilimzika mmoja
ndani ya boksi la viatu.
Aliitwa Moritz."

Eulalia anafyonza mfupa, hana haraka.
Chini ya jiko wadogo wanalia kwi, kwi,
hakuna hata mmoja mwenye jina.

"Na hiyo harufu mkobani mwako?"
"Soseji. Ya nguruwe."

Mwenyeji kasita, kafuta mikono kwa aproni.
Uani kitu kizito kikajigeuza topeni,
kikakoroma.

"Serafina huyo," akasema. "Ana miaka kumi na mmoja.
Anaijua sauti yangu.
Huyo haliwi."