Kanuni Kumi na Moja

Mkomani ghorofani, tulikaa watu wane,
Dadu letu mkekani, na kandili tuonane,
Lali mshika kanuni, alisema: "Tuagane,
Alokufa kaburini, asirudi tumuone."

Famau kawa ni mwizi, wa chumvi ya magalani,
Shamsa akawa mlinzi, wa lango la ufuoni,
Mimi tabibu mjuzi, taa moja mkononi,
Kila hatua na ngazi, tone moja lenda chini.

Usiku dadu kuruka, likaanguka na mbili,
Shamsa hakulalamika, kafuta jina kamili,
Mlinzi akazikika, kwa mikate na asali,
Na ule uoga, kaka, ulikuwa ni wa kweli.

Wiki ya pili Famau, alitia neno dogo:
"Afaye na arejee, kwa chumvi yake mzigo."
Lali akakuna kichwa, akakubali kwa shingo
upande. Nami kwa wino, nikapachika kiungo.

Na wewe unayesoma, kina cha kati hakimo.
Shairi bado shairi; nyumba bado na boriti.
Mafuta ya taa yangu, tukaacha kuhesabu,
kwani hesabu huchosha, na Shamsa ana mitihani.

Wiki ya tano dadu likaondolewa.
Halikutupwa. Liliwekwa kidakani
kati ya chupa ya marashi na picha ya mjomba aliyeko Jeddah,
ikawa tunainua mikono:
nani anataka lango lifunguke?
Mikono mitatu. Likafunguka.

Mlinzi wa Shamsa akarudi. Akasimama langoni
kana kwamba alitoka mara moja tu
kwenda Langoni kununua viazi vya karai.
Tukashangilia. Hata mimi.
Lakini nilimtazama nikiukumbuka ule mkate,
ile asali ya matanga,
nikajiona kama mtu aliyelia msiba usio wake.

Sisemi mchezo mpya ni mbaya.
Shamsa anacheka zaidi. Famau amepata mke, jumba,
na ngamia wawili wanaojua kusoma.
Lali haumwi tena na tumbo kila Alhamisi
akiwaza nani atamfia mikononi.
Wali ukiutoa nazi bado ni wali, hakuna atakayelala njaa;
ila usinialike kwako kwa wali wa nazi
kisha ukanuna nikiuliza tui liko wapi.

Jana nilihesabu. Kanuni kumi na moja tulizoapia,
kumi na moja zimekatwa,
kila moja kwa sababu nzuri,
kila moja kwa mwandiko wangu.
Hakuna usiku hata mmoja ninaoweza kuunyooshea kidole
nikasema: hapa ndipo tulipouacha.
Juu ya jalada jina ni lilelile.

"Ijumaa tunacheza?" Famau aliuliza, kandambili mkononi.
"Tunacheza," nikasema. Sikuuliza nini.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.
Nikashuka ngazi za kina Lali bila kuwasha simu,
kiganja ukutani, kwenye chokaa baridi,
chini punda akipumua kichochoroni,
na midomo yangu, yenyewe, bila kuambiwa, ikaanza:

ngazi ya kwanza, tone moja,
ya pili, tone moja,
ya tatu, nikasimama,
maana mafuta yalikuwa yamebaki kidogo
na ngazi bado nyingi.